Kelele ya Cheni ya Ndani

Buyenzi, Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri

Mwanangu Zaina,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko upande wa pili wa ukuta huu, unabishana na mama yako kuhusu sanduku. Yeye anataka utie blanketi la pili, wewe unasema Kigoma kuna joto kama hapa, na nyote wawili mnajua kwamba blanketi litaingia. Mimi niko gereji. Nimerudisha mlango, nimekalia tairi la lori, na karatasi nimeiweka juu ya tangi la piki kwa sababu meza imejaa vyuma. Ukiona doa pembeni usiseme baba alilia. Ni oili.

Kesho unapanda boti. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutotembea peke yako gizani, mimi siyagusi. Mama yako ameyasema tangu Jumatano na kesho atayasema tena njiani. Shangazi yako Tatu naye namjua, ni dada yangu. Atakupokea na mengine mapya. Mimi nataka kukuandikia habari ya kitu kimoja tu, cheni ya ndani ya piki hii, kwa sababu humo kuna kosa langu, na sitaki uvuke ziwa kabla sijalisema kwa mdomo wangu. Au kwa kalamu, maana kwa mdomo nitaharibu. Nikianza kusema nafoka, unanijua.

Najua unacheka. Baba na piki yake! Cheka tu. Kwa miaka mingi kicheko chako sikukisikia humu ndani, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Cheni tumeifungua pamoja, kwa hiyo unaijua, lakini nitaeleza tangu mwanzo kama vile huijui. Huenda siku moja utawasomea wanao, nao hawatakuwa wamewahi kuona piki ya namna hii. Piki za siku hizi, ndani ni meno kwa meno, basi. Hizi za zamani injini imekaa peke yake mbele, giaboksi imekaa peke yake nyuma, na kinachoziunganisha ni cheni fupi inayozunguka ndani ya kasha la bati, upande wa mguu wa kushoto, ikioga oili. Cheni ya nyuma, ile inayozungusha gurudumu, kila mtu anaijua kwa sababu anaiona. Hii ya ndani hakuna anayeikumbuka mpaka imlaze njiani.

Piki yenyewe niliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa karibu na soko kuu, alipokuwa anafunga virago kurudi kwao. Hata wakati ule cheni yake ilikuwa imekwisha kula, yaani kuchakaa. Kila pini inakula kidogo, wala huwezi kuona kwa macho, lakini ukijumlisha pini zote cheni nzima imerefuka. Ikirefuka inacheza, na ikicheza inapiga bati la kasha. Ukiwa mwendoni na injini inavuta, inanyamaza. Ukipunguza mwendo kwenye kona, injini ikibaki inapumua tu, ndipo inapoanza: tak-tak-tak, tak-tak-tak. Kwa hiyo piki yangu ilikuwa kimya mji mzima, ikifika karibu na nyumbani ndiyo inapiga kelele. Utadhani ilikuwa na akili.

Mama yako hakunipenda kwa sura. Alinijua kwanza kwa masikio. Alikuwa kwa baba yake, nyumba ya karibu na bomba la maji, na mimi kila jioni nilikuwa na sababu ya kupunguza mwendo pale. Siku moja nikaona msichana amesimama mlangoni na ndoo tupu, anajifanya anakwenda bombani, na bomba lenyewe siku ile lilikuwa limekauka tangu asubuhi. Muulize. Atakataa, lakini muulize.

Tulipooana, kelele ile ikawa saa ya nyumba. Nikipinda kona ya msikiti anabandika chai. Nikizima injini, chai inachemka. Halafu ukazaliwa wewe, ukajifunza kukimbia, na kila jioni ulikuwa ukitoka mbio hadi barabarani bila kandambili, unapiga kelele kuwashinda watoto wa avenyu yote: "Baba anakuja! Baba anakuja!" Nilikuwa nakuinua nakukalisha hapa hapa kwenye tangi, mahali nilipoweka karatasi hii, unashika usukani, tunamalizia mita zile za mwisho pamoja na wewe unaamini kabisa kwamba ndiwe dereva. Jumapili tulikuwa tunakwenda ufukweni kula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, wewe mbele, mama yako nyuma na kanga yake imefungwa vizuri isiingie kwenye gurudumu. Ulikuwa ukilala njiani wakati wa kurudi, kichwa chako kinagonga kifua changu kila tukipita shimo. Mwanangu, nikiulizwa nilikuwa tajiri lini, nitasema ni wakati ule.

Vita vilipokuja, masikio ya mji mzima yakabadilika. Sitakusimulia vita, uliviona mwenyewe kwa macho madogo ambayo hayakustahili kuviona. Nakukumbusha jioni moja tu. Saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa karibu, mimi narudi kutoka kwa mteja, nikapinda kona ya msikiti kama siku zote, nikapunguza mwendo. Tak-tak-tak. Avenyu nzima ikalala chini. Wauza mkaa chini, wanawake waliokuwa wanasuka nywele chini, sufuria ya maharage ya Bibi Asha jirani yetu ikamwagika, na Bibi Asha mwenyewe akaingia mvunguni, mwili wote ule. Alipotoka alinijia na mwiko mkononi.

"We Juma! Unataka kutuua na ile piki yako? Mi nilishasali ya mwisho!"

Watu walicheka baadaye, mimi mwenyewe nilicheka. Kisha nikaingia ndani, nikakuita, hukuitika. Nilikukuta chini ya meza. Umejikunja, umeziba masikio kwa mikono yote miwili, na nilipokugusa ulipiga ukelele. Sauti ile ile iliyokuwa ikikutoa mbio kunipokea ndiyo iliyokuingiza chini ya meza. Nilikushika, nikakaa nawe pale chini mpaka mama yako alipotuletea chakula huko huko.

Asubuhi yake nilikaza cheni.

Unajua inavyokazwa. Unalegeza boliti kubwa inayoshika giaboksi, unazungusha skrubu ya kuvutia, giaboksi inarudi nyuma kidogo, cheni inanyooka. Juu ya kasha kuna kifuniko kidogo. Unakifungua, unaingiza kidole, unaisukuma cheni juu na chini. Inatakiwa icheze. Si sana, unene wa kidole tu, lakini lazima icheze, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka, injini inasukuma huku na giaboksi inasukuma kule, na cheni iliyokuwa na nafasi asubuhi haina nafasi tena adhuhuri. Na tena, cheni iliyokula haikuliwa sawasawa. Kuna mahali pamelegea na mahali pamebana. Unaizungusha polepole yote nzima, unatafuta pale inapobana zaidi, na hapo ndipo unapopimia. Fundi anayepimia pale palipolegea anajidanganya. Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa akinipiga kofi mkononi kwa jambo hilo, na mkono wangu ulishakuwa na adabu kabla sijaota ndevu.

Yote hayo niliyajua. Ila asubuhi ile sikutaka icheze, nilitaka inyamaze. Nilitafuta pale palipolegea, palipokuwa panapiga bati, nikakaza mpaka pakatulia. Nikawasha. Kimya. Nikaizungusha piki avenyu nzima, hakuna aliyeinua kichwa. Nilifurahi, Zaina. Niliona nimekutengenezea dunia.

Habari zikaenea. Akaja mwalimu mmoja wa Nyakabiga, piki yake ni ya umri wa hii hii, anaipenda kuliko mke wake, na alisema hivyo mbele ya mke wake.

"Fundi, kaza mpaka inyamaze kabisa. Mi napita pa barieri mbili za askari kila siku."

"Itakula beringi, mwalimu," nikamwambia.

"Beringi utaninunulia ingine. Kichwa utaninunulia ingine?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nikakaza. Akaja mwingine, na mwingine. Wakawa wanaita "kukaza kwa Juma". Mji mzima ulikuwa unaogopa kelele, na mimi nikawa fundi wa kimya. Nilivimba kichwa, nakiri. Beringi zilipoanza kufa, giaboksi moja baada ya nyingine, nililaumu oili mbaya, nikalaumu ambargo iliyozuia bidhaa kuingia, nikalaumu vyuma vya kuokoteza vilivyokuwa vinapita mpakani. Mkono wangu mwenyewe sikuulaumu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekutoa wewe chini ya meza.

Na nikaendelea kukaza. Sasa nasema juu ya nyumba. Shule yako ya Mutakura nikakutoa, njia ni mbaya. Hilo sijutii, njia ilikuwa mbaya kweli. Lakini harusi za ndugu nikakukataza. Dirisha la barabarani nikalipigilia misumari. Redio chini. Ukicheka na binamu zako ukumbini, mimi huku gereji: "Zaina, sauti!" Ukiimba ukifua: "Sauti!" Hata zilipokuja siku ambazo mji ulipumua kidogo, watu wakaanza kukaa nje tena, mimi bado nilikuwa nasema "sauti". Nilikuwa napimia mahali pa woga wangu, sikuzunguka nyumba nzima kuona nani amebanwa wapi.

Wewe ukanyamaza. Nikasema, alhamdulillahi, binti yangu ametulia, ana adabu. Nikawasifia watu. Shangazi yako Tatu alipoleta salamu mara ya kwanza kwamba uende Kigoma, kuna chuo cha uuguzi, kuna chumba, nilimjibu kwamba mtoto mwenyewe hajasema anataka. Alipoleta salamu mara ya pili nikamjibu vile vile. Na kweli ulikuwa hujasema.

Sasa nifike siku ya Gatumba, kule mpakani.

Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza samaki na vitu vya Uvira, alikuwa amenipatia cheni. Si mpya, lakini haikuwa imekula sana, aliitoa kwenye piki iliyolala kwa padri mmoja huko kwao. Nikakuchukua twende pamoja kwa sababu mama yako alisema, "Mutoto amegeuka kama pazia, mupeleke aone ziwa." Tukaenda vizuri. Mama Furaha akakupa ndizi, akakutazama, akaniambia mbele yako, "Fundi, uyu binti yako anasemaka?" Nikasema anasema. "Mi sijamusikia," akasema. Nikakasirika kidogo, nikachukua cheni, tukaondoka.

Hatujafika mbali giaboksi ikaanza kupiga mluzi. Niliisikia. Fundi yeyote angeisikia. Beringi ilikuwa inaomba msaada, na mimi nikaongeza mwendo kwa sababu jua lilikuwa linashuka na barieri ya daraja la Ruzizi hufungwa jioni. Moto ukapanda, cheni ikajibana zaidi, na pale ilipokuwa imebana siku zote ikakatika. Iligonga bati mara moja tu. Injini ikalia juu, piki ikapoteza nguvu, na mguu wangu wa kushoto ukaloa oili ya moto. Wewe ulikuwa nyuma yangu umepakata cheni nyingine ndani ya mfuko. Tulikuwa na cheni, Zaina, mapajani mwako, na haikuweza kutusaidia hata kidogo, kwa sababu kuifunga kunataka kung'oa kasha na klachi, na mimi nilikuwa na spana mbili na hasira.

Basi tukasukuma. Mimi mbele nashika usukani, wewe nyuma. Unajua uzito wa piki hii. Kufika pale penye matete nilikuwa sina pumzi hata ya kutukana. Na hapo, nyuma ya mgongo wangu, nikakusikia.

"Baba, mi nataka kwenda Kigoma."

Nilitaka kujibu. Wallahi nilikuwa na jibu tayari, refu. Lakini njia ilikuwa inapanda kidogo na kifua kilikuwa kinawaka moto, nikatoa mguno tu. Wewe ukaona nimekubali kusikiliza. Ningekuwa na pumzi ningekukatiza neno la kwanza, na leo usingekuwa unafunga sanduku. Namshukuru aliyeitengeneza piki hii kwa chuma kizito.

"Shangazi aliniita mara mbili," ukasema. "We ulimwambia sijasema kitu. Sikusema juu ulinizoeza kunyamaza."

Nikaguna tena.

"Vita naogopa, baba. Lakini nyumba naiogopa kushinda vita. Nikiangusha kijiko, moyo unaruka. Si juu ya risasi. Juu yako."

Hapo sikuguna. Nilikuwa naangalia lami, na lami nilikuwa siioni vizuri. Hukuwa unaniona uso, na mimi nilikuwa sikuoni wako; labda ndiyo maana uliweza kusema na mimi nikaweza kusikia. Ulisema mpaka darajani. Ulisema habari za shule, habari za rafiki yako aliyekwenda bila kuaga, ndoto zako, kidonda cha mguu wa Bibi Asha ulichokuwa unakiosha kwa siri kila siku kwa sababu nilikukataza kutoka, na kwamba kilipona, na kwamba pale ndipo ulipojua unataka kufanya kazi gani. Mimi sikuwa najua hata kwamba Bibi Asha alikuwa na kidonda, na analala upande wa pili wa ukuta wangu.

Barieri walikuwa wanaishusha. Askari mmoja kijana, macho mekundu, akatumulika.

"Mzee, saa imeisha."

"Cheni imekatika, afande. Tunatoka Gatumba."

"Na uyo nyuma?"

"Ni mutoto yangu."

Akakutazama, jasho linakutiririka, mfuko begani. "Anakushinda kusukuma," akaniambia, akainua mti. "Pita, pita mbio. Viboko vinatoka mu maji saa hii."

Tulifika nyumbani usiku umekwisha kuingia, na jinsi tulivyofika salama kwa kuvrefe ile Mungu ndiye anayejua. Mama yako alikuwa amekaa kizingitini, gizani, bila taa, mikono mapajani. Hakusimama. Mimi, badala ya kumtuliza, nikaanza kujitetea: kwamba piki ilikaa kimya miaka yote kwa ajili yenu, kwamba nilikaza ili yeye asishtuke. Hapo ndipo aliposimama. Nakumbuka kila neno, na wewe ulikuwepo.

"Kwa ajili yangu? Apana! Nani alikuambia mi nataka kimya? Zamani nilikuwa nakusikia kutoka kona ya musikiti, nabandika chai. Sasa sijui kama uko muzima ama umekufa mpaka usimame mu mulango. Kila jioni, Baba Zaina. Kila jioni, miaka yote hii, mi nakufia hapa."

Fundi wa kimya, nikanyamaza.

Kesho yake tulifungua kasha, mimi na wewe. Uliona mwenyewe: cheni vipande, vipira vya beringi vimesagika kama chumvi, oili imekuwa rangi ya fedha kwa unga wa bati. Tulihangaika kutafuta beringi, ukashika taa, ukashika spana, tukafunga cheni ya Mama Furaha. Na ilipofika kupima, nilikuambia uingize kidole wewe. Nilifanya hivyo kwa sababu mkono wangu sikuuamini tena. Nikazungusha polepole, ukaipata pale inapobana, ukasema, "Hapa, baba." Nikalegeza kidogo, na kidogo tena, mpaka ukasema, "Sasa inacheza."

Tulipomaliza nikakumbuka jambo ambalo fundi mvivu hulisahau. Ukiisogeza giaboksi kwa ajili ya cheni ya ndani, ile ya nyuma nayo inapoteza kipimo chake. Unakaza huku, kule kunalegea. Lazima uzunguke nyuma upime upya, na breki pia. Mimi nilihangaika na wewe mpaka mama yako nikamsahau kizingitini. Ukiwa na nyumba yako, ukimshughulikia mmoja, zunguka umwangalie na mwingine. Nilisema maagizo siyagusi, samahani, hilo limeponyoka.

Jioni ile niliitoa piki kuijaribu. Kwenye kona ya msikiti nikapunguza mwendo, nikasikia: tak, tak, tak, taratibu, kama cheni nzima inavyotakiwa kusema. Hakuna aliyelala chini. Bibi Asha alichungulia tu akasema, "Ee, Juma amefufuka." Nilipozima injini mlangoni, mama yako alikuwa anamimina chai. Wewe ulikuwa umesimama barabarani bila kandambili, msichana mzima, umeziba mdomo kwa mkono unacheka. Nilikuambia usiku ule, kabla ya kula, kwamba utakwenda Kigoma. Wewe ulidhani nimefikiri sana. Sikufikiri. Nilikuona bila kandambili.

Zaina, naogopa. Niandike wazi kwa sababu umri wangu haunipi tena haki ya kujifanya. Naogopa ziwa, naogopa boti, naogopa mji ambao hakuna mtu anayeujua mguno wako ukiamka. Naogopa kwamba nimekupa ruhusa nikiwa nimechelewa, na kwamba miaka niliyokunyamazisha hutaweza kuidai kwa mtu mwingine ila mimi, nami nitakuwa mbali. Kama ipo siku utanikasirikia kwa hayo, nikasirikie. Andika barua ya hasira, nitaisoma hapa hapa juu ya tangi.

Lakini usiniandikie ile barua ya watu wote: mimi mzima, hofu ni kwako tu. Barua ya namna hiyo ni cheni iliyokazwa, haina sauti, na mimi nimeshajua kimya kinavyovunja vyuma. Niandikie kinachogonga. Chakula kikiwa kibaya, sema. Shangazi yako akikuchosha, sema, nami najua atakuchosha. Ukilia, usiniambie ulikuwa na mafua. Na wema ukiupata, niandikie pia, hata kama ni wa mtu ambaye baba yako asingependa kumsikia. Nitaguna tu. Nimejifunza kuguna.

Kidole chako ndicho kilichopima cheni hii, na kesho kidole hicho kinaondoka. Imebidi nianze kukizoesha changu tena. Jana nilifungua kifuniko nikaisukuma, inacheza bado kama ulivyoiacha. Nitaiacha hivyo mpaka itakapokula yenyewe.

Mama yako ananiita. Nadhani sanduku limeshindikana kufunga, blanketi limeshinda, na anataka nilikalie. Nimalize.

Barua hii nitakupa mkononi kesho bandarini utakapopanda. Usingoje Kigoma, soma hapo hapo, boti zile zinachelewa kupakia na utapata wakati. Sitashuka kwenye piki, kwa sababu nikishuka nitakushika mkono na sitakuachia. Nitakaa hapo kwenye gati, mguu mmoja chini, na injini nimeiacha inapumua tu. Petroli ya kufanya hivyo ipo, niliiweka akiba, na mama yako amekwisha kunigombeza. Kwa hiyo ukiwa unasoma maneno haya, inua kichwa usikilize. Ile tak-tak-tak ni mimi. Itaendelea boti ikiondoka, itaendelea ikiwa ndogo, itaendelea ikiwa haionekani. Ukifika mahali ambapo huisikii tena, mwanangu, ni kwamba wewe umekwenda mbali. Mimi sijazima.

Baba yako,
Juma